Mwaka Niliomwandika Somo Yangu

Bi Mwanajuma alipokufa hakuna aliyenipigia simu. Nilisikia kwenye spika ya msikiti, sawa na mpita njia yeyote, nikiwa jikoni nakuna nazi, na kifuu kikaniponyoka mkononi. Jina lake, jina la babake, atazikwa baada ya sala ya adhuhuri, basi. Miaka thelathini na ushei tumeishi mtaa mmoja hapa Mishomoroni, nyumba yake na yangu haziachani hatua mia mbili, na habari ya kifo chake nimeipata kwa spika. Nikavaa buibui nikaenda. Nikaketi mkekani na wanawake wengine, nikapokea juzuu yangu nikasoma. Walionijua waliniamkia bila ya kunitazama sana. Msichana mmoja, mke wa mjukuu wake, akanisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bibi, ati wewe ndiye waandika michezo ya kwenye TV? Wasema ulimjua marehemu." Nikamwambia, "Alikuwa somo yangu." Akashtuka. Somo mtu humpata mmoja tu maishani, yule mwanamke anayekufunda ndani kabla ya kuolewa, na huwezi kuwa na somo yako hatua mia mbili usikanyage kwake. "Mbona sijakuona nyumba hii hata siku moja?" akauliza. Msibani si mahali pa maelezo marefu. Basi maelezo yenyewe ni haya, na sikuyapamba.

Mwaka wenyewe nilikuwa na miaka ishirini na sita, mke wa mtu, kazi yangu kushona kofia kwa mkono. Shule nilikomea darasa la nne, lakini chuo cha Kurani nilihitimu, na herufi za Kiarabu nilikuwa nikiziandika upesi kuliko watu wengi waliovaa viatu kwenda shule. Jirani yangu Riziki alikuwa akiigiza na kikundi kimoja cha Kisauni, na mumewe hakumruhusu kwenda mazoezini peke yake. Kwa hivyo mimi ndiye niliyekuwa ruhusa yake. Kila alasiri naketi benchi la nyuma ukumbini na kofia yangu na sindano, wao mbele wanaigiza. Wakati huo hakuna aliyeandika mchezo. Kiongozi husimama akasema, wewe mume, wewe mke, wewe mama mkwe, mume anarudi na mke wa pili, haya. Kila mtu akajaza maneno yake. Siku nyingine yalikuwa matamu mpaka sindano inanichoma, siku nyingine upuuzi mtupu, na tamu la jana hakuna aliyelikumbuka leo.

Akaja Bwana Mutua kutoka Nairobi. Alitumwa kutengeneza mchezo wa televisheni wa vipindi kumi na vitatu juu ya maisha ya pwani, na alitaka kila neno liwe karatasini kabla ya kamera kuwashwa. Waigizaji wakamcheka. "Bwana, maneno yatakuja yenyewe." Akasema, "Yakija yenyewe, mkanda wangu utakwisha kabla hayajafika." Akawagawia karatasi alizoziandika mwenyewe, na humo mlikuwa na mwanamke anaachwa na mumewe, anasema, "Ewe mume wangu mpenzi, kwa nini umenitendea unyama huu?" Riziki akasoma. Mimi huku nyuma nikacheka kwa sauti, sikuweza kujizuia. Bwana Mutua akageuka. "Mama wa kofia, unacheka nini?" Nikasema, "Mwanamke aliyeachwa sasa hivi hasemi hivyo." "Anasemaje?" "Hasemi kitu. Anakunja nguo zake. Mume akimuuliza wafanyani, anamwambia, natafuta leso yangu ya buluu, umeiona?" Bwana Mutua akatoa kalamu, akaandika leso ya buluu nyuma ya pakiti ya sigara. Kisha akaniuliza jina langu. Wallahi, mpaka leo nikiulizwa na vijana nilianzaje kazi ya kuandika filamu, sina jibu jingine. Nilianza kwa kumcheka mtu.

Bwana Mutua alikuja nyumbani kumwomba mume wangu ruhusa nikamwandikie mchezo wake. Athmani alikuwa akiendesha foklifti kule bandarini Kipevu, mtu wa maneno machache. Akauliza maswali mawili. Mlango utakuwa wazi? Na kuna mwanamke mwingine? Bwana Mutua akasema mlango utakuwa wazi na yuko mwanamke mwingine, mpiga taipu. Athmani akasema, "Mradi chakula changu nikikute." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Kazi ilifanyiwa katika nyumba ya kupanga kule Mkomani, chumba cha mbele, meza moja, viti vinne, na dirisha lisilo na pazia ambalo lilinitia haya wiki nzima ya kwanza. Mpiga taipu alikuwa Dama, Mgiriama wa Kaloleni, amesomea misheni, vidole vyake vinakwenda kama mvua juu ya bati. Mimi nilikuwa nikiandika nyumbani asubuhi, kwa herufi zangu, kisha naja Mkomani nawasomea. Siku ya kwanza Bwana Mutua alichukua daftari langu akaligeuza juu chini. "Bi Saada, hiki ni Kiarabu." "Ni Kiswahili." "Mbona naona Kiarabu?" "Umeona herufi. Mutua akivaa kanzu amekuwa Mwarabu?" Dama akacheka mpaka akafuta macho. Basi ikawa ndio mtindo wetu, mimi nasoma kutoka kulia, Dama anapiga kwenda kulia, na katikati yetu Bwana Mutua anatembea chumbani na kikombe cha chai, anasema, "Kata. Kata. Hapo pia kata." Adhuhuri tunakula pamoja, mimi nimeleta mkate wa mofa na maharagwe ya nazi, Dama ana muhogo wake wa kuchemsha, na yeye anakula vyote viwili na kusema pwani watu hula kama hawaendi kazini.

Alichonifundisha Bwana Mutua ni kimoja tu, na vijana wanaolipa karo siku hizi kusomea kazi hii sijaona wamefundishwa kikubwa zaidi. Nilikuwa nimeandika, "Mama anahuzunika." Akaniuliza, "Kamera itaonaje?" Nikasema, "Itamwona usoni." "Uso wa mwigizaji si wako, Bi Saada. Niambie mikono yake inafanya nini." Nikaenda nyumbani nikawa natazama mikono ya watu. Mikono ya mwenye duka akipunja. Mikono ya Athmani akiwa ana neno hataki kulisema, anatafuta kiberiti ilhali havuti. Nikaona watu wote wa Mishomoroni walikuwa wakisema kwa mikono siku zote na mimi nilikuwa nasikiliza midomo. Niliona kama nimefunguliwa mlango wa nyumba niliyokuwa nikiishi ukumbini tu.

Na mikono niliyoijua kuliko yote ilikuwa ya Bi Mwanajuma. Nusu ya wanawake waliokuwa wameolewa mtaani kwetu miaka ile walipita mikononi mwake. Alikuwa mjane, mrefu, mkali, mchapakazi, nyumba yake inanuka udi na samli. Kabla ya kusema jambo zito alikuwa akiinyoosha juu ya goti leso aliyojifunga kama anaipiga pasi, halafu akilowesha kidole gumba ulimini akabana kila mkunjo uliobaki. Mkunjo wa mwisho ukilala ndipo anasema. Sisi wanawali wake tulikuwa tukitazama lile goti kama watu wanaongoja hukumu. Basi katika mchezo nikatia mwanamke wa kufunda wanawali, nikampa jina jingine, nikamhamisha mji, nikamfanya mnene na mcheshi, na nikampa mikono ya Bi Mwanajuma. Riziki ndiye aliyemwigiza. Sikumwambia nimeitoa wapi ile mikono. Hakuhitaji kuambiwa, naye alikuwa mwali wa Bi Mwanajuma vilevile.

Tulikuwa tukiandika na kupiga picha huku mchezo ukionyeshwa, tumewatangulia watazamaji kwa wiki mbili tu. Kila Jumapili saa kumi na moja jioni mtaa ulijaa sebuleni kwa Mzee Shee, mstaafu wa reli, aliyekuwa na televisheni kubwa. Wanaume vitini, wanawake mkekani. Kipindi cha kwanza jina langu lilipopita pale mwisho, Athmani alikohoa na kujiweka sawa kitini kama yeye ndiye aliyeandika. Kipindi cha pili Riziki akanyoosha leso, akalowesha kidole gumba, na bibi mmoja akapiga kelele, "Eh! Si Mwanajuma huyo!" Watu wakaanguka kwa kicheko. Habari ikamfikia. Jumapili iliyofuata akaja mwenyewe, akapewa kiti, mwanamke peke yake kitini, na Riziki aliponyoosha leso kwenye kioo na yeye akanyoosha yake pale kitini, makusudi, sebule nzima ikapiga makofi. Aliniita baadaye akanishika sikio. "Ewe Saada. Wanicheza mimi?" "Nisamehe somo yangu." "Basi huyo Riziki mwambie asinyooshe upesi hivyo. Mimi sina haraka." Alikuwa amefurahi. Hilo naliweka hapa kwa sababu wengi husema alinichukia tangu mwanzo. Hakunichukia. Alifurahi mpaka akanikatia kipande cha mkate wa sinia.

Sasa niseme kosa. Nilipokuwa ndani kabla ya harusi yangu niliogopa. Sikuwa na sababu ya kuogopa, niliogopa tu, kwani wakati huo bado kuliwekwa kisarawanda, kitambaa cheupe kinachotandikwa kitandani ili asubuhi wakuu wakione na wajue bibi harusi alikuwa mwanamwali. Kikitoka na alama, vigelegele. Kikitoka cheupe, kuna nyumba zilizofunga milango mwezi mzima. Bi Mwanajuma aliniona natetemeka akaniketisha. Akainyoosha leso. Akaniambia kwamba palikuwa na bibi harusi mmoja, mtu mzima mwenye akili zake, aliyemshika mkono dakika ya mwisho na kumwambia, "Somo, hakitatoka kitu." "Sikumuuliza kwa nini," akasema. "Si kazi yangu kuuliza. Alikuwa akitetemeka mkono mzima. Nikachukua wembe nikajikata kidole." Asubuhi kitambaa kilizungushwa kwenye sinia na asumini, mama mtu akalia kwa furaha. Jina la bibi harusi hakunitajia. "Nimekwambia ujue kwamba mimi niko upande wako, lolote liwalo. Na hili litazikwa hapa." Nikasema, "Litazikwa." Nilisema kwa ulimi wangu.

Bwana Mutua alitaka kipindi cha nne kiwe kizito. Tumechekesha vya kutosha, akasema, watu wa Nairobi wanaanza kuuliza kama huu ni mchezo au ni vitimbi. Siku tatu sikupata kitu. Siku ya nne nikaamka alfajiri, nikaswali, nikaketi, na mkono ukaandika wenyewe. Sitasema shetani, maana nilijua nafanya nini. Nilijiambia nimebadilisha jina, nimebadilisha mji, nani atajua. Na tena, niseme ukweli wangu, ilikuwa nzuri. Haikuwa na neno hata moja la ziada. Niliposoma Mkomani, Dama aliacha kupiga. "Dada Saada, hii ni ya kweli?" "Ya kutunga." Akanitazama. "Haya," akasema, akaendelea. Bwana Mutua hakusema kata hata mara moja.

Jumapili yenyewe Bi Mwanajuma alikuja mapema, amevaa leso mpya, akaketi kiti chake. Mimi nilikuwa mkekani nyuma yake kidogo. Ninachokumbuka ni kisogo chake na lile fundo la mtandio. Kwenye kioo Riziki ananyoosha leso. Watu wakacheka kama desturi. Riziki akalowesha kidole gumba, akabana mkunjo, na kicheko bado kinaendelea, bibi harusi akamshika mkono. Kicheko kikaanza kukatika, huku na huku, kama mvua inayoacha. Wembe ukatoka. Kidole kikatoka damu. Pale ndipo nilipofahamu nilichokifanya, na sikufahamu hatua kwa hatua. Kilinipiga kwa mara moja. Nilibadilisha jina na mji nikaiacha mikono, na mtaa mzima ulikuwa umekwisha kumpa ile mikono mwenyewe, umempigia na makofi. Hakuna aliyekuwa anamtazama mwanamke wa kutunga. Walikuwa wanamtazama Mwanajuma anajikata kidole. Na sebuleni mle mlikuwa na wanawake kumi na tisa aliowafunda yeye, na waume zao vitini. Niliona mwanamume mmoja anageuza shingo polepole kumtazama mkewe mkekani. Halafu mwingine. Mzee Shee akainuka akazima televisheni kabla mchezo haujaisha. Bi Mwanajuma akasimama, akajitengeneza mtandio, akasema, "Haya jamani, magharibi yaja," akatoka. Hakugeuka nyuma kunitazama. Natamani angegeuka.

Nyumbani nilikuwa namenya muhogo wa kuchemsha. Athmani akasimama mlangoni. Miaka mitano ya ndoa, mtoto mmoja, mtu asiyenipandishia sauti. Akasema, "Na kitambaa chako kilikuwa na damu ya nani?" Kisu kikasimama. Nilikuwa nimekwenda kwake kama nilivyozaliwa, na Mungu anajua, na hapakuwa na njia yoyote duniani ya kumwonyesha. Nikamwambia, "Muulize aliyekitandika." "Ndiye huyo huyo," akasema. Akachukua shati la kazi akaenda Kipevu kuomba zamu isiyo yake. Nikaketi na muhogo mapajani. Mimi niliyeandika ndiye nami nimeandikwa humo. Sikulitazamia hilo hata kidogo.

Wiki ile sitaki kuirefusha. Nuru, mwali wa Bi Mwanajuma aliyekuwa na mwezi mmoja tu kwa mumewe, alirudishwa kwao na sanduku lake mchana kweupe, watu wanatazama. Harusi mbili zilizokuwa zimemuita Bi Mwanajuma zikatafuta mtu mwingine. Mamake Nuru alikuja kwangu, hakukubali kuketi. "Kaseme umetunga." "Nitasema." "Sema nyumba kwa nyumba." Nikaenda. Nyumba tano niliingia, nikasema ni hadithi, nimeitoa kichwani mwangu. Walinisikiliza kwa adabu, wakanipa na maji. Mkwewe Nuru, bibi mmoja mwembamba, akanijibu, "Mwanangu, kitu kile hakitungwi." Sifa kubwa kuliko hiyo sijawahi kupewa katika kazi hii, na nilitoka mle nikageuza njia, nyumba ya sita sikwenda. Kule Mkomani nako Bwana Mutua alikuwa amesimama katikati ya chumba anacheka peke yake. Simu zimepigwa kutoka Nairobi. Wananitaka. Mchezo huu ukiisha kuna mwingine, niende nikakae huko, nifanywe mwandishi kamili. "Umeufungua mlango, Bi Saada!" Dama alikuwa ameinamia taipu yake, hapigi kitu.

Nikaenda kwa Bi Mwanajuma. Nilibisha, "Hodi," akasema, "Karibu," kama siku zote. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, baba watoto hajambo. Akaniletea mkate wa maji na chai ya tangawizi. Nikaanza, "Somo yangu..." "Kula." Nikala. Kila nikifungua kinywa, "Kula, mwanangu, yapoa." Nikamaliza sahani yote huku machozi yananichuruzika, naye amekaa anaangalia nje. Mwisho akauliza swali moja. "Kuna mtu mwingine umemwambia, zaidi ya hao wa kwenye TV?" Nikasema hapana. "Basi," akasema, akachukua sahani. Heri angenipiga.

Ijumaa ya wiki hiyo hiyo Bi Mwanajuma aliita wanawake nyumbani kwake, khitima ya mumewe aliyoifanya kila mwaka. Hakuna aliyethubutu kukosa, na udadisi nao ulikuwepo, tusidanganyane. Ukumbi ukajaa mpaka ngazini. Nuru alikuja na mamake. Yule mkwe mwembamba alikuja. Tukasoma, tukaomba dua, na kabla ya chakula Bi Mwanajuma akabaki ameketi. Akainyoosha leso. Akachukua muda wake, mkunjo mmoja, mkunjo wa pili. Kisha akasema, "Mumeuliza sana, na hamkuniuliza mimi. Yule bibi harusi wa kwenye TV ni mimi. Kitambaa kilikuwa changu, miaka arubaini nyuma, na aliyejikata kidole ni somo yangu, Mungu amrehemu. Nilimsimulia Saada nilipokuwa nikimfunda, ili asiogope. Sijamfanyia mwali wangu yeyote jambo lile. Hakuna aliyelihitaji." Mamake Nuru akajifunika uso. Mkwe mwembamba akasema, "Mwanajuma, waapa?" Bi Mwanajuma akamgeukia pole pole. "Nimevua nguo zangu mbele ya wanawake sitini, khitima ya mume wangu. Wewe bado wataka kiapo?" Mkwe akainamisha kichwa. Hakuna aliyeuliza tena.

Na mimi niliyekuwa nimeketi karibu na mlango nilijua anadanganya. Nilisikia hadithi ile kinywani mwake, nilimsikia akisema mkono wa bibi harusi ulivyotetemeka ndani ya mkono wake. Na sasa hakuapa. Mwanamke aliyekuwa akiapa wallahi hata kwa bei ya bamia hakuapa. Alichukua aibu ya mtu mwingine, akaivaa mbele ya watu, na akaupitia ukingoni uongo ule bila ya kumfanya Mungu shahidi. Nimeandika michezo mingi tangu siku ile, sijaweza kuandika mwanamke aliyefanya jambo kama hilo. Atakayesema kwamba kwa kuyaandika haya leo nimemsaliti mara ya pili, sitabishana naye. Nuru ni bibi wa wajukuu saba, waume wale wengi wako makaburini, na bibi harusi mwenyewe simjui mpaka leo. Ila mimi sikutaka azikwe na aibu isiyokuwa yake.

Chakula kikaletwa. Pilau ya mbuzi, masinia kumi na mawili, watu watano watano. Wanawake wakajigawa, wakasogea, na mimi nikajikuta nimeketi mbele ya sinia zima peke yangu. Hakuna aliyeniambia neno baya. Walikaa tu kwingine, wakabanana sita sita na saba saba kuliko kuja kwangu. Pilau inatoa moshi na mimi nimeitazama, mikono mapajani, sijui niondoke au nile. Bi Mwanajuma alikuwa akizunguka na birika la kunawisha. Akafika kwangu. Akaweka birika chini. Akaketi upande wa pili wa sinia, akasema bismillahi, akala. Nami nikala. Ukumbi mzima ulikuwa unatutazama. Alikula matonge matatu, hakunitazama, tonge la tatu akalimaliza taratibu, akainuka akanawa. Baada ya hapo wanawake wawili wakahamia sinia langu. Alinirudisha kwa watu, na tangu siku ile mpaka alipokufa hakunisemesha tena. Nikimwamkia njiani aliitikia kwa kichwa. Harusini hakuitwa tena kufunda mtu. Nuru alifuatwa na mumewe siku ya Jumatatu, na Athmani wangu aliacha zile zamu za ziada bila ya kusema kwa nini, nami sikumuuliza.

Jumatatu hiyo hiyo nilikwenda Mkomani. Watu hudhani nitasema niliiacha kazi. Sikuiacha. Nilikuwa nimeilipia mno, na kwa mali isiyokuwa yangu, nisingeweza kuirudisha kwa kukaa nyumbani kushona kofia. Vilibaki vipindi saba. Dama akatia karatasi, nikafungua daftari nikasoma. Bwana Mutua akasikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe. "Yule mama wa leso yuko wapi?" "Hayumo." "Hayumo kipindi hiki?" "Hayumo hata kimoja." "Bi Saada, huyo ndiye mchezo wenyewe! Nchi nzima inamngoja. Wanataka kujua bibi harusi alikuwa nani!" "Amesafiri." "Amekwenda wapi?" "Amesafiri." "Mtu hapotei hivi hivi! Lazima kuwe na onyesho, aage, apande basi, afe, kitu!" Nikamtazama Dama. "Andika amesafiri." Bwana Mutua akasema ataandika mwenyewe. Nikamwambia aandike, na Riziki amekwisha niambia hataicheza. Akatembea chumbani, akaenda dirishani, akarudi. Dama hakungoja. Akapiga neno lile moja, akasukuma taipu ikalia kengele, akaniuliza, "Halafu?"

Mwezi mzima barua zilikuwa zikija kutoka kila pembe, zinauliza yule mama amekwenda wapi na atarudi lini. Bwana Mutua alikuwa akiniwekea mezani kila asubuhi, zimefungwa kwa uzi. Sikujibu hata moja.